Kitabu kinakupeleka Atatürk, ndege inatua kwingine

SAFU YA MASWALI NA MAJIBU: SAFARI ZA NJE

Tuliomba maswali kuhusu vitabu vya mwongozo wa safari, vile vyenye ramani, orodha za hoteli na maneno ya kuombea maji. Barua nyingi zilizotufikia zinataja Istanbul, kwa hiyo mifano mingi tumeichota huko.

SWALI: Shikamooni wahariri. Naenda Istanbul siku kumi mwezi wa tatu. Shemeji amenipa kitabu chake cha mwongozo cha mwaka 2017, kizima kabisa, hata kona hazijakunjika. Mwanangu anasema nikitupe, kila kitu kiko kwenye simu. Nikibebe au nikiache? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Kibebe, ila usikisome chote kwa imani moja. Ndani ya kitabu kimoja kuna mambo yanayooza haraka kama samaki na mengine yanayokaa kama chumvi. Bei, nauli, saa za kufungua, hoteli na njia ya kutoka uwanja wa ndege ni samaki. Mpangilio wa jiji, vilima, historia na adabu za watu ni chumvi.

Anza na uwanja wa ndege, maana hapo ndipo kitakapokuangusha kwanza. Kitabu cha 2017 kitakuambia ushuke Atatürk, uingie metro ya M1 hadi Aksaray, kisha tramu. Ndege za abiria zilihamishwa kutoka Atatürk tarehe 6 Aprili 2019 kwenda uwanja mpya ulio kaskazini, upande uleule wa Ulaya, karibu kilomita 40 kutoka mji mkongwe. Mtego ni kwamba herufi za IST, zile za kutambulisha uwanja kwenye tiketi, zilihama pamoja na ndege. Tiketi yako imeandikwa IST, kitabu kimeandika IST, na vyote viwili vinasema kweli, kila kimoja kwa wakati wake. Siku hizi kutoka IST kuna metro ya M11 hadi Gayrettepe, ambapo unabadili kuingia M2, au mabasi ya Havaist yanayoelekea katikati ya jiji. Tiketi ikiandikwa SAW, huo ni uwanja wa Sabiha Gökçen, upande wa Asia, na metro yake ni M4. Usichanganye: kutoka SAW hadi Sultanahmet, ndani ya mji mkongwe, unavuka bahari.

Samaki wa pili ni Ayasofya, lile jengo la kale maarufu la Istanbul. Kitabu chako kinaiita makumbusho, na ndivyo ilivyokuwa tangu miaka ya 1930. Julai 2020 ilirudishwa kuwa msikiti, na tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni anaingilia mlango wake, anapanda ghorofa ya juu na kulipa euro 25. Sakafu ya chini imeachiwa wanaoswali. Kariye, lile kanisa la kale maarufu kwa michoro ya ukutani, nalo lilifunguliwa upya kama msikiti Mei 2024. Maelezo ya michoro na ya nani alijenga nini yamebaki sahihi. Yaliyopinduka ni mlango, tiketi na mavazi. Mwanamke abebe mtandio begini hata kama kitabu hakikumwambia.

Samaki wa tatu ni pesa. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa chini ya lira 4 kwa sehemu kubwa ya mwaka; mwanzoni mwa 2024 ilikuwa karibu lira 30. Wengine hudhani watazidisha tu bei za kitabuni kwa tofauti hiyo wapate za sasa. Haifanyi kazi, kwa sababu bei za humo ndani nazo zimepanda kwa kasi yake, na viingilio kadhaa vya makumbusho sasa vinatajwa kwa euro. Tumia bei za kitabu kama ngazi tu: mtaa uliokuwa ghali kuliko mwenzake mara nyingi bado ni ghali kuliko mwenzake. Kadhalika achana na maelezo ya jeton, vile vidude vya plastiki vya kutumbukiza getini. Nunua kadi ya Istanbulkart kwenye mashine ya kituoni na uijaze salio hapohapo.

Sasa chumvi. Tramu ya T1 bado inapita Sultanahmet, Beyazıt, Laleli, Eminönü na Karaköy, na ukiielewa laini hiyo moja umeshaelewa nusu ya mji wa mtalii. Siku za kufunga zimedumu: jumba la Topkapı Jumanne, Dolmabahçe Jumatatu, soko la Kapalıçarşı Jumapili. Vilima navyo havijahama, ingawa ramani ya kitabu haikuonyeshi mwinuko. Kutoka Karaköy hadi mnara wa Galata utaona sentimita chache tu karatasini, lakini ni mpando wa kukata pumzi. Ndiyo maana tangu 1875 kuna Tünel, treni fupi ya chini ya ardhi inayovutwa kwa kebo kupanda mlima huo. Sentensi moja inayotaja Tünel kwenye kitabu cha 2017 ina faida kwa magoti kuliko kurasa zake zote za mikahawa.

Kazi yenyewe ni ya jioni moja. Chukua penseli, pitia sura ya jiji, zungushia duara kila samaki unayekusudia kumla: njia ya uwanja, jengo utakaloingia, boti utakayopanda. Kila duara lihakiki kwenye tovuti rasmi ya mahali penyewe, andika pembeni jibu na tarehe uliyohakiki. Usihakiki kitabu kizima, utachoka ukurasa wa ishirini na kuacha.

SWALI: Nimenunua kitabu kwa wauza vitabu wa barabarani. Jalada linasema ni toleo jipya. Jipya tangu lini? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Jalada ni tangazo. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ambao huwa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, utafute vitu vitatu.

Cha kwanza ni mwaka wa toleo, usiuchanganye na mwaka wa kuchapwa tena. Kuchapwa tena ni maneno yaleyale kwenye karatasi mpya. Cha pili ni mstari wa tarakimu, 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1, wenye kasoro upande mmoja. Tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo mara ya ngapi toleo hilo limechapwa. Ukiishia kwenye 4, basi hiyo ni chapa ya nne ya habari zilezile. Cha tatu ni ISBN, namba yenye tarakimu 13. Toleo jipya hupewa ISBN mpya, kuchapwa tena hubaki na ya zamani. Ukiagiza mtandaoni, linganisha ISBN ya muuzaji na ile iliyo kwenye tovuti ya mchapishaji. Picha ya jalada usiitegemee, kwani wauzaji wengi huweka picha ya toleo jipya na kukutumia la zamani, wakati mwingine bila hata nia mbaya.

Ukishaupata mwaka wa toleo, rudi nyuma mwaka mmoja au zaidi. Mwandishi alitembea kwanza, akaandika, wahariri wakapunguza, ramani zikachorwa, kiwanda kikachapa, mzigo ukasafiri. Unachosoma ni nchi kama ilivyokuwa kabla ya yote hayo.

Kuna na kipimo cha dakika tano. Chagua jambo moja lililobadilika siku inayojulikana, ulitafute kwenye faharasa ya nyuma. Kwa Istanbul ni uwanja wa ndege. Kwa India ni noti: kitabu kinachozungumzia noti ya rupia 1,000 kana kwamba inatumika kiliandikwa kabla ya Novemba 2016, ilipofutwa pamoja na ile ya 500 ya zamani. Kwa Kenya yenyewe, kitabu kinachomwambia mgeni akate viza ni cha kabla ya Januari 2024, ilipoanza ETA, kibali cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni, na kisichoitaja kabisa reli ya SGR ya Mombasa ni cha kabla ya katikati ya 2017.

SWALI: Kitabu changu kinasema kuingia Uturuki hakuhitaji viza kwa siku 90. Mwenzangu wa kazini anasema lazima viza. Nani mkweli? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Wote wawili. Kitabu hakikuandikiwa pasipoti yako.

Hili ndilo jambo ambalo msafiri wa kwetu hana budi kulishika kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Vitabu vingi vinavyouzwa vimeandikiwa Mwingereza, Mmarekani, Mjerumani au Mfaransa, na kila neno "wewe" lililomo ni yeye. Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza kuingia Uturuki. Sura ya viza iruke yote. Nenda evisa.gov.tr, tovuti rasmi ya serikali ya huko, chagua nchi ya pasipoti yako, nayo itakuambia kama unastahili viza ya mtandaoni na kwa masharti gani, au kama njia yako ni ya ubalozini. Angalia mwisho wa anwani: iwe gov.tr. Ziko tovuti za watu binafsi zilizovaa sura ya serikali, zinazotoza ada juu ya ada.

Ujue pia nani atakayekuzuia. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, karani wa shirika hafungui kitabu wala habishani. Anaangalia Timatic, kanzidata ya IATA (umoja wa mashirika ya ndege duniani) inayoeleza pasipoti ipi inahitaji nini kwenda wapi, kisha anakupa au anakunyima kadi ya kupandia. Mashirika mengi yana ukurasa wa kuangalia masharti hayo kwenye tovuti zao. Jipekue mwenyewe wiki kadhaa kabla, na usisahau nchi utakayopitia njiani, maana nayo inaweza kudai viza ya kupita.

"Wewe" huyo wa kitabu anajificha pengine pia. Kwenye umeme, toleo la Kimarekani litakuhimiza ununue kigeuzi cha volti, kwa kuwa nyumbani kwa msomaji wake umeme ni volti 120. Wewe huhitaji. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240, wa Uturuki 230, na chaja ya simu inapokea 100 hadi 240, soma maandishi yake madogo. Unachohitaji ni adapta tu, kwa sababu plagi zetu zina pini tatu bapa na soketi za Uturuki zina matundu mawili ya mviringo. Toleo la Kiingereza cha Uingereza litakuwa sahihi kwako kwa bahati, kwa kuwa plagi yao ndiyo hiyohiyo yetu.

Alama za bei nazo zina mwenyewe. Hoteli yenye alama moja ya dola, maana yake "rahisi", ni rahisi kwa mshahara wa Munich. Tafuta ukurasa wa mwanzo unaoeleza alama moja ni kuanzia ngapi hadi ngapi, uligeuze kuwa shilingi, ndipo uchague mtaa.

Na yapo ambayo hayakuandikwa, kwa sababu msomaji aliyekusudiwa hayampati. Askari akikuambia "kimlik" mitaa ya Aksaray au Laleli, anataka kitambulisho. Mwafrika anaweza kuulizwa mahali ambapo mtalii mwingine anapita bila kutazamwa. Tembea na pasipoti kwenye kipochi cha ndani ya nguo, nakala ya ukurasa wa picha na wa muhuri ibaki hotelini. Jibu kwa utulivu, onyesha, endelea na safari yako.

SWALI: Simu ina ramani, ina mkalimani, ina hoteli. Kitabu cha nini tena? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwa "niko hapa, nifikeje pale", simu inashinda na hatubishani. Vilevile kwa saa za basi, kubadili fedha na kusoma menyu kwa kamera. Kitabu kinashinda nyumbani kabla ya safari, unapokuwa hujui hata uulize nini. Ukiuliza simu "mambo ya kufanya Istanbul" utapewa orodha ya waliolipia tangazo. Kitabu kinakupa sura ya mji: mtaa upi uko karibu na upi, kipi kinafaa siku moja na kipi, kipi uache.

Iko nchi moja ambako mgawanyo huo unaonekana wazi, nayo ni China. Chukua mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou. Akiweka laini ya China, Google na WhatsApp havifunguki. Akibaki na laini ya nyumbani kwa huduma ya kutumia simu nje ya nchi, kwa kawaida vinafunguka, ila bando linaliwa kama njugu. Ramani za kigeni nazo zinapotoka, kwa kuwa China inatumia mfumo wake wa vipimo vya ramani unaosogeza alama kwa makusudi. Kidoti chako kinaweza kukaa mita mia kadhaa kutoka uliposimama, hata ng'ambo ya mto. Kwa hiyo pakua ramani ya Kichina, kama Amap, kabla hujaondoka.

Kitabu kinakusaidia kwa kitu kidogo sana: majina kwa herufi za Kichina. Dereva wengi wa teksi hawasomi herufi zetu, na jina la hoteli kwa Kiingereza mara nyingi halifanani hata kidogo na jina lake la Kichina. Kutamka nako hakusaidii sana, kwani sauti ikipanda au ikishuka neno limegeuka jingine. Unafungua ukurasa, unaweka kidole, dereva anaitikia kwa kichwa, mnaondoka. Herufi mbili zaidi zinafaa kunakiliwa kwenye karatasi ya mfukoni: 清真, yaani halali. Utaziona juu ya milango ya mikahawa ya Waislamu, mara nyingi kwenye kibao cha kijani, nazo ni nyingi jirani na kituo cha metro cha Xiaobei.

Lakini kitabuni humohumo kuna samaki aliyeoza. Kilichoandikwa kabla ya 2023 kitakuambia utembee na noti kwa kuwa mgeni hawezi kulipa kwa simu. Siku hizi Alipay na WeChat, programu za Kichina za kulipia kwa simu, zinapokea kadi za benki za kigeni, na baadhi ya wauzaji hukunja uso wakiona noti. Sajili programu hizo na uunganishe kadi ukiwa nyumbani. Kinachokwamisha wengi ni namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye laini ya nyumbani: laini ikiwa imezimika au haijaruhusiwa kufanya kazi nje ya nchi, ujumbe haufiki na unabaki dukani na mzigo mkononi.

SWALI: Kitabu kina kurasa 700. Nikikiweka kwenye begi la mkononi nguo hazienei. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kikate. Najua walimu wetu walitufundisha kitabu hakichanwi, lakini hiki kitakuwa takataka baada ya miaka mitatu na begi lina kikomo cha kilo 7 au 8. Kitabu cha nchi nzima hufika nusu kilo na zaidi. Sura ya Istanbul peke yake haizidi gramu mia na ushee.

Kwanza tazama kilivyoungwa. Kiangalie kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona mstari mnyoofu wa gundi, ni cha gundi tupu: kata popote. Ukiona vijikunjo vidogo vilivyopangana, kimeshonwa kwa mafungu, na lazima ukate katikati ya fungu na fungu. Ukikata ndani ya fungu, kila karatasi uliyoiachia ina mwenzake upande wa pili wa uzi, nayo itadondoka baadaye bila kukuaga.

Fungua mwanzo wa sura, kandamiza hadi mgongo ulale. Pitisha wembe au kisu cha karatasi kwenye bonde, taratibu, mara tatu nne, mpaka ufike gundi ya mgongo, kisha ukate gundi yenyewe. Rudia mwishoni mwa sura. Bana mgongo wa kipande kwa selotepu pana ya kufungia maboksi, nusu mbele nusu nyuma. Stepla ndogo haipiti zaidi ya karatasi ishirini hivi, kwa hiyo kipande kinene kitoboe matundu matatu kwa msumari mwembamba ukishone kwa uzi wa viatu. Kata pia kurasa mbili za maneno ya lugha na ile ya ufunguo wa alama za ramani. Wengi huisahau hiyo ya ufunguo, kisha wanashindwa kujua duara jeusi ni kituo au choo.

Kilichobaki kiweke nyumbani. Na usiache kitabu cha gundi ndani ya gari juani: gundi inalainika na kurasa zinaanza kutoka zenyewe.

SWALI: Kurasa za lugha zinafaa kitu? Kituruki kinanitisha. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mtu wa Tanga asiogope Kituruki kabla hajakisoma. Vitabu hivi vinamwonea huruma Mwingereza, vinamwandikia kila neno kama geni. Wewe nusu ya meza ya mkahawa unaijua: çay ni chai, kahve kahawa, fincan finjani, limon limau, pilav pilau, hesap hesabu. Ukimaliza kula unasema "hesap, lütfen", hesabu tafadhali. Nje kuna dükkân, ndani yake kibrit, sabun, kalem na defter. Kiarabu kiliingia huko kama kilivyoingia pwani yetu.

Kwenye gati za boti za Bosporus, mkono wa bahari unaoukata mji, ndiko kunakopendeza zaidi. Ubao unaandika "sefer saatleri". Sefer ni safari, saat ni saa: saa za safari. Upepo wa kusini, wanaouita lodos, ukivuma kwa nguvu, boti husimamishwa na ubao unaandika "sefer iptal". İptal imetoka shina moja na batili. Safari imebatilika, kapande Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu 2013.

Tahadhari, yapo yanayodanganya. Misafir ni mgeni aliyefika kwako, wala si msafiri aliye njiani. Merhaba ni salamu ya mtu yeyote kwa yeyote, usisubiri mkubwa akujibu nayo.

Kusoma: c ni j yetu, kwa hiyo cami, msikiti, inasomeka "jami". Ç ni ch, ş ni sh, ğ haitamkwi bali inavuta irabu iliyotangulia. Kapalıçarşı ni "kapali-charshi", ile ı isiyo na kidoti ikitamkwa nyuma kidogo ya i yetu. Safu ya matamshi kwenye kitabu ifunike kwa kidole, imeandikwa kwa masikio ya Mwingereza na itakupoteza. Soma safu ya Kituruki yenyewe. Muda wako uwekeze kwenye tarakimu, maana hapo, ukiacha sıfır ambayo ni sifuri, Kiarabu hakikuingia na hazifanani na zetu: bir, iki, üç, dört, beş, kumi on, mia yüz, elfu bin.

SWALI: Tiketi yangu ya basi kutoka Addis Ababa imeandikwa saa 12:00, kitabu kinasema mabasi huondoka saa 6 alfajiri kwa saa za Kizungu. Limeahirishwa? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Halijaahirishwa, ni saa kumi na mbili asubuhi kama unavyohesabu nyumbani. Wahabeshi huanza kuhesabu kunapokucha, sawa na sisi. Kitabu kinatumia nusu ukurasa kumfundisha Mzungu jambo ambalo wewe ulizaliwa nalo. Angalia tu tiketi ya ndege, ambayo huandikwa kwa saa za kimataifa. Tarehe ndiyo ya kuwa nayo macho: kalenda yao ina miezi 13, mwaka mpya huangukia Septemba, na hesabu ya miaka iko nyuma ya yetu kwa saba au minane. Risiti yenye mwaka wa ajabu haijaghushiwa.

SWALI: Kuna PDF ya kitabu inazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Si inatosha? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Mbali na kwamba ni mali ya watu, ramani zake ndizo zinazokufa kwanza. Faili limebanwa lipite WhatsApp, ukikuza majina ya mitaa yanageuka ukungu, na ramani ya kurasa mbili imekatwa katikati. Ukurasa wa hakimiliki mara nyingi umeondolewa, kwa hiyo hata mwaka huujui. Afadhali uazime kitabu chenyewe maktaba, upige picha kurasa nne tano za kwako binafsi karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera ili karatasi isimeremete.

SWALI: Naenda Laleli, Istanbul, kufuata nguo za duka langu. Kitabu kitanisaidia biashara? (Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam)

JIBU: Kidogo sana, dada. Laleli kitabuni hupewa aya moja, mara nyingi yenye kumwambia mtalii hakuna cha kuona. Kitakupa ramani ya tramu, siku za sikukuu za kidini ambapo masoko hufungwa, na tarakimu za kupatania bei. Usifike Jumamosi usiku ukitarajia kununua kesho yake, kwani Jumapili milango mingi ya jumla inakuwa chini.

Mengine andika mwenyewe kwenye ukurasa mtupu wa nyuma. "Toptan" dirishani maana yake jumla, "perakende" rejareja. Mwenye toptan anaweza kukataa kukuuzia gauni moja hata ukimwonyesha fedha. Mzigo unauzwa kwa "seri", yaani fungu la saizi mbalimbali za mtindo mmoja, mara nyingi vipande vinne hadi sita. Kabla hujauliza bei, uliza seri ina vipande vingapi na saizi zipi, maana bei itakayotajwa inaweza kuwa ya kipande na malipo yakawa ya fungu. Saizi zao za namba, 38, 40, 42, ni za Ulaya, kwa hiyo nenda na futi ya fundi cherehani mkobani, upime kiuno cha nguo yenyewe kabla hujalipa.